Adapta za padi kwenye konsoli za zamani: nini kinaungana na nini, na kipi kinaunguza

Plagi ikiingia kwenye tundu bila kulazimishwa, wengi huona kazi imekwisha. Kwenye konsoli za zamani hapo ndipo hatari inapoanzia. Kiunganishi cha pini tisa cha Atari 2600, konsoli ya mwaka 1977, kiliendelea kutumika kwenye Commodore 64, Amiga, Master System, Mega Drive na hata 3DO. Umbo ni lile lile, kazi za pini ndizo zilizobadilika. Pini inayotoa volti 5 kwenye mashine moja ni ya kupeleka amri kwenye nyingine, na anayechomeka kwa kuangalia umbo tu anaweza kusukuma umeme mahali usipotakiwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela kununua adapta yoyote, jua padi yako (kidhibiti cha kuchezea) inaongeaje na konsoli yako inasikilizaje.

## Koo za padi

Ukoo wa kwanza ni wa swichi tupu. Ndani ya kijiti cha Atari hakuna chipu hata moja: kila mwelekeo na kitufe kina waya wake, na ukibonyeza, waya huo unagusana na grandi (waya wa volti sifuri). Commodore 64, Amiga, Master System na Neo Geo wamo humo.

Ukoo wa pili una kichaguzi. Vitufe vya Mega Drive vilizidi nyaya zilizokuwepo, ndiyo maana ndani ya padi kukawekwa chipu ya aina ya 74HC157 inayobadilisha maana ya nyaya kufuatana na pini ya 7. Konsoli ikiiweka pini hiyo juu (volti 5), inasoma B na C. Ikiishusha, pini zile zile zinaleta A na Start. PC Engine inatumia ujanja huo huo kwa plagi nyingine kabisa, ya duara.

Wa tatu ni wa foleni: NES na SNES. Konsoli inatuma mpigo mmoja, chipu ya padi inanasa hali ya vitufe vyote kwa mara moja, halafu inavitoa kimoja kimoja kwenye waya mmoja kila konsoli inapogonga saa, yaani mapigo ya kuhesabia zamu.

Wa nne ni wa waya mmoja: Nintendo 64 na GameCube. Swali na jibu vinapita kwenye waya ule ule kwa zamu, na kila biti (sifuri au moja) inachukua kama mikrosekunde 4. Sifuri ni mikrosekunde 3 chini na 1 juu. Moja ni kinyume chake.

PlayStation ina lugha yake, yenye nyaya tofauti za data, amri, saa, kuita na kuitikia. Dreamcast ina mfumo wake wa nyaya za data uitwao Maple. Xbox ya kwanza ni USB ya kawaida iliyovikwa plagi ya peke yake.

Ndani ya ukoo mmoja, nyaya tupu zinaweza kutosha. Ukivuka ukoo, lazima pawe na mkalimani katikati, yaani chipu yenye programu. Mtu akikuuzia adapta ya kutoka SNES kwenda Nintendo 64, ukaifungua ukakuta nyaya tu, umeuziwa kopo tupu.

## NES na SNES: ndugu wanaoelewana nusu

Huu ndio mfano mzuri wa adapta ya nyaya tupu inayofanya kazi. Padi ya NES inatoa vitufe nane kwa mpangilio huu: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Ya SNES inatoa biti 16: B, Y, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, kisha A, X, L, R, na nne za mwisho zisizo na kitufe. NES inasoma nane za mwanzo na kuacha. Matokeo yake, padi ya SNES kwenye NES inafanya kazi sawasawa, ila B ya SNES inakuwa A ya NES, na Y inakuwa B. Vitufe A, X, L na R vinanyamaza. Hilo si kosa la adapta, na hakuna namna ya kulibadili kwa nyaya.

Kuunganisha kunahitaji nyaya tano tu. Kwenye kiunganishi cha SNES, anza kuhesabu upande wenye pini nne: 1 ni volti 5, 2 ni saa, 3 ni mpigo wa kunasa, 4 ni data. Zinazofuata, 5 na 6, ziache. 7, iliyo kwenye ncha ya mviringo, ni grandi. Kwenye NES kuna safu ya pini nne na safu ya pini tatu. Safu ya pini nne, ukianzia kwenye kona iliyokatwa mshazari: grandi, saa, kunasa, data. Safu ya pini tatu, kutoka upande huo huo: volti 5, kisha D3 na D4, nyaya mbili za ziada za data.

Usiamini rangi za nyaya. Kebo zisizo za asili zina rangi zozote alizokuwa nazo fundi siku hiyo. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, shika pini ya plagi upande mmoja, tafuta waya unaolia upande wa pili, andika. Dakika tano za kazi hii ni nafuu kuliko kugeuza volti 5 na grandi, kosa linaloweza kuua chipu ya padi kwa sekunde moja.

Kinyume chake, padi ya NES kwenye SNES, ni habari nyingine. Padi ya asili ya NES ikimaliza vitufe vyake nane, inaendelea kujibu "kimebonyezwa" kwa kila swali linalofuata. SNES inaelewa kwamba A, X, L na R vimeshikiliwa vyote, na hata biti nne za mwisho, ambazo kwa padi halali huwa tupu, zinakuja zimejaa. Mchezo unaokagua biti hizo utaikataa padi. Usiokagua utamfanya mhusika aruke au apige bila kukoma.

Jambo lingine la NES: bunduki ya Zapper inatumia D3 na D4. Kebo nyingi za kurefusha zina nyaya tano tu ndani yake, padi inafanya kazi lakini bunduki haisikiki. Kabla ya kuilaumu bunduki, pima kama kebo ina nyaya saba. Na bunduki hiyo inahitaji televisheni ya chogo. Kwenye skrini bapa haitalenga hata ukiwa na kebo kamili.

## Mtego wa pini tisa

Pini 1 hadi 4 ni juu, chini, kushoto na kulia kwenye mashine zote nne zilizo hapa chini, na 8 ni grandi. Ugomvi uko kwenye zilizobaki.

| Pini | Atari 2600 | Commodore 64 | Master System | Mega Drive |
|---|---|---|---|---|
| 5 | kirungu cha kuzungusha | kirungu cha kuzungusha | volti 5 | volti 5 |
| 6 | kufyatua | kufyatua | kitufe 1 | B au A |
| 7 | volti 5 | volti 5 | bunduki | kichaguzi |
| 9 | kirungu cha kuzungusha | kirungu cha kuzungusha | kitufe 2 | C au Start |

Soma jedwali hilo polepole, mengi yanajieleza. Padi ya Master System kwenye Mega Drive haina chipu ya kusikiliza pini ya 7, kwa hiyo inatoa jibu lile lile kichaguzi kikiwa juu au chini. Kitufe 1 kinasomeka kama B na A kwa pamoja, na kitufe 2 kama C na Start. Ndiyo maana mchezo unasimama kila unaporuka. Michezo mingine haiitambui kabisa, kwa sababu padi halali ya Mega Drive huonyesha kushoto na kulia vimeshuka pamoja kichaguzi kinaposhuka, na hii ya swichi tupu haiwezi.

Padi ya Mega Drive kwenye Master System kwa kawaida ni salama: B inakuwa 1 na C inakuwa 2. Kwenye Atari 2600, watu wengi huichomeka moja kwa moja na inafanya kazi, ingawa pini ya 5 haina umeme wa kuilisha. Chipu inajilisha kwa kuiba umeme kupitia pini ya 7. Inafanya kazi, lakini ni kuishi kwa kudra.

Kwenye Commodore 64 usijaribu bila adapta. Nyaya za kijiti kwenye mashine hiyo zinatumiwa pia na kibodi, kupitia chipu iitwayo CIA, inayosoma vyote viwili. Kijiti cha swichi tupu kikiachwa, waya unabaki huru. Padi ya Mega Drive haiachi waya huru: kitufe kisipobonyezwa, chipu yake inausukuma waya juu kwa nguvu. Kompyuta ikitaka kuushusha waya huo huo ili isome kibodi, chipu mbili zinavutana, na inayoweza kuungua ni CIA, chipu isiyotengenezwa tena. 3DO nayo usiiguse kwa padi ya Sega ya aina yoyote. Plagi inaingia, lakini padi zake zinaongea kwa mnyororo, moja ikichomekwa kwenye mgongo wa nyingine.

## Kutengeneza adapta salama: padi ya Mega Drive kwenda Commodore 64

Vifaa: kiunganishi kimoja cha pini tisa cha kike (kinaingia kwenye kompyuta), kimoja cha kiume (kinapokea padi), dayodi tano (hupitisha umeme upande mmoja tu) za aina ya Schottky kama BAT85 au BAT43, kapasita moja ya nanofaradi 100, na nyaya laini zisizozidi sentimita 10.

Kwa nini Schottky, wakati 1N4148 inapatikana kila mahali? Waya ukishushwa, kompyuta inataka kuona volti 0.8 au chini ndipo ikubali kwamba umeshuka. Dayodi ya kawaida inabakiza kama 0.6 hadi 0.7 juu yake, ukijumlisha na kidogo cha chipu ya padi unafika ukingoni kabisa. Mashine moja itakubali, ya jirani itakataa, au itakubali asubuhi na kukataa ikishapata moto. Schottky inabakiza kama 0.3 na mjadala unaisha.

1. Pini 1, 2, 3, 4 na 6: unganisha kila moja na mwenzake wa namba ile ile kupitia dayodi. Mstari uliochorwa kwenye dayodi uelekee upande wa padi. Hivyo padi inaweza kuushusha waya lakini haiwezi kuusukuma juu.
2. Pini ya 7 ya kompyuta, yenye volti 5, iende kwenye pini mbili za padi kwa pamoja: ya 5 ili kuilisha chipu, na ya 7 ili kichaguzi kibaki juu muda wote.
3. Pini ya 8 kwa ya 8, moja kwa moja.
4. Pini 5 na 9 za upande wa kompyuta ziache bila waya. Pini ya 9 ya padi nayo iache.
5. Kapasita iwekwe upande wa padi, kati ya pini 5 na 8, karibu kabisa na kiunganishi.

Kabla ya kuchomeka, weka multimita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu upande wa kompyuta, nyeusi upande wa padi: kila mstari wenye dayodi usome kama 0.2 hadi 0.4. Ukigeuza ncha, usisome kitu. Ukiona mstari mmoja unasoma pande zote mbili, risasi imevuja ukapata daraja kati ya miguu. Halafu gusa pini 7 na 8 za upande wa kompyuta ukiwa kwenye mlio, pakilia, usichomeke.

Chomeka mashine ikiwa imezimwa, kwenye tundu la 2. Mishale yote na kitufe B vifanye kazi. A na Start havitaitika, kwa kuwa kichaguzi hakishuki kamwe. Ukihamia tundu la 1 na kuona herufi zinajichapa zenyewe kwenye skrini ya kuanzia, usishtuke: ndivyo tundu hilo lilivyo, hata kwa kijiti cha kawaida.

Tatizo dogo linalokera watu wengi ni umbo: viunganishi vya kununua vina masikio ya skrubu yanayogonga ganda la mashine, pini zinaingia nusu, na mwelekeo mmoja unakatika ukitikisa kebo. Kata masikio. Na ukitumia kebo ya kompyuta ya pini tisa kama ya kurefusha, pima pini zote tisa kwanza, kwani nyingine zimevukishwa ndani na nyingine zina nyaya pungufu.

## Nintendo 64 na GameCube

Data ya Nintendo 64 ni ya volti 3.3. Bodi ndogo ya kompyuta ya volti 5, kama Arduino za kawaida, isiruhusiwe kamwe kuusukuma waya huo juu. Katika programu, ushushe waya kwa kuufanya wa kutoa, na uupandishe kwa kuugeuza kuwa wa kupokea tu, huku resista ikiuvuta hadi volti 3.3.

GameCube inaongea kwa mtindo huo huo lakini maswali si yale yale. Nintendo 64 huuliza padi kwa amri ya baiti moja na kujibiwa baiti 4. GameCube hutuma baiti 3 na kujibiwa baiti 8. Kwa hiyo hata hapa nyaya tupu hazitoshi.

Kinachowachanganya zaidi watumiaji ni kijiti. Namba zinazotumwa zina nafasi hadi 127, lakini kijiti cha asili cha Nintendo 64 hufika kama 80 tu kikisukumwa hadi mwisho, na kwenye mshazari hupungua hadi karibu 70, kwa sababu ya kizuizi chake cha pembe nane. Michezo ilitengenezwa kwa vipimo hivyo. Adapta inayotuma 127 kutoka padi ya kisasa inamfanya mhusika akimbie kwa mguso mdogo, na kwenye baadhi ya michezo kulenga kunakuwa kubahatisha. Ikiwa adapta yako ina mpangilio wa kupunguza upana, anzia asilimia 63 hivi, kisha rekebisha kwa kuona.

Konsoli zote mbili zinahesabu kijiti kilipo wakati wa kuwasha kuwa ndicho katikati. Ukiwasha huku kidole kimekisukuma, mhusika atatembea mwenyewe. Kuweka katikati upya, kwenye padi ya Nintendo 64 shikilia L, R na Start kwa pamoja. Kwenye ya GameCube shikilia X, Y na Start kama sekunde 3. Adapta nyingi hazina amri hizo, hivyo achia kijiti kabla ya kuwasha.

Ukitaka padi za GameCube kwenye Wii U au Switch, adapta rasmi ina plagi mbili za USB. Nyeusi ni ya data, kijivu ni ya umeme wa mtetemo. Ukichomeka nyeusi peke yake, kila kitu kinafanya kazi ila padi haitetemi.

## PlayStation

Padi za PlayStation ya kwanza na ya pili zina plagi moja, na DualShock 2 inakubalika kwenye konsoli ya kwanza bila adapta. Mchezo wa zamani usipoitambua, bonyeza kitufe cha Analog hadi taa izime. Padi hujitambulisha kwa namba tofauti taa ikiwaka, na michezo iliyotoka kabla ya vijiti haiijui namba hiyo.

Kwa anayetengeneza mwenyewe, pini ya kuchungwa ni ya 3. Inabeba zaidi ya volti 7 za motori ya mtetemo, ikiwa jirani ya amri na grandi, wakati padi yenyewe inakula kama volti 3.5 kwenye pini ya 5. Tone moja la risasi kati ya 2 na 3 linatosha kuharibu padi. Ikiwa mtetemo si muhimu kwako, usiulehemu waya wa pini hiyo hata kidogo. Ukisoma padi kwa bodi ndogo, waya wa data unahitaji resista ya kuuvuta juu, kama kiloomu 1; bila hiyo utapata namba zinazobadilika ovyo.

Vitufe vya DualShock 2 hupima nguvu ya kidole, na michezo michache ya PlayStation 2 inategemea hilo. Kwenye Metal Gear Solid 2, kuachia kitufe polepole ndiko kunakoshusha silaha bila kufyatua. Adapta ya padi ya kisasa inatuma sifuri au kikomo tu, na hapo unakwama.

Mkeka wa kucheza dansi nao una shida yake. Mchezaji hukanyaga kushoto na kulia kwa pamoja, na adapta nyingi za USB huugeuza msalaba kuwa mhimili mmoja ambapo pande mbili zinafutana. Tafuta inayoonyesha mishale minne kama vitufe vinne vinavyojitegemea.

## Kutoka padi ya zamani kwenda kompyuta

Windows ina dirisha la kujaribu padi: andika joy.cpl kwenye sehemu ya kuendesha amri. Kwenye Linux tumia jstest au evtest. Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja kabla ya kugusa mipangilio ya emuleta (programu inayoiga konsoli), maana kitufe kisichoonekana hapa hakitaonekana kokote.

Padi ya Mega Drive ya vitufe sita ndiyo mtihani mzuri wa ubora wa adapta. Ili kuona X, Y, Z na Mode, adapta inapaswa kupandisha na kushusha kichaguzi mara kadhaa mfululizo, kwani ikinyamaza kama milisekunde 1.5 hesabu ya padi inaanza upya. Adapta za bei ya chini husoma vitatu tu na Start. Kwenye konsoli yenyewe, mchezo wa zamani ukichanganyikiwa na padi hiyo, washa huku umeshikilia Mode, itajifanya ya vitufe vitatu.

Anayetaka kujitengenezea, bodi ya Pro Micro yenye ATmega32U4 inajitambulisha kwa USB yenyewe na inatosha kwa padi za volti 5. Uno hadi toleo la R3 haifai, kwa kuwa USB yake ni ya kupitisha maandishi tu.

## Padi za Bluetooth kwenye konsoli ya zamani

Mradi wa wazi wa BlueRetro unaendeshwa kwenye chipu ya ESP32 ya asili, na neno asili lina uzito: matoleo ya S3 na C3 hayana Bluetooth ya zamani inayotumiwa na padi nyingi, kwa hiyo hayafai hata kama ni mapya zaidi. ESP32 ni ya volti 3.3. Kwa NES, SNES na Mega Drive, ambazo ni za volti 5, weka chipu ya kubadilisha volti katikati, la sivyo pini zinapokea zaidi ya zinavyostahimili.

Umeme ndio unaosababisha kukatika kwingi. Redio inavuta kwa vishindo, na tundu la padi halikutengenezwa kulisha redio. Nintendo 64 inatoa volti 3.3 tu pale. Kipokezi kikiwa na tundu lake la USB, kilishe hapo na uunganishe grandi yake na ya konsoli. Usikilishe kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, kwani umeme utarudi ndani ya konsoli hata ikiwa imezimwa.

Amua mapema kama unapanga vitufe kwa herufi au kwa mahali. Kwenye padi za Nintendo A iko kulia, kwenye za Xbox iko chini. Kwa michezo ya kuruka, panga kwa mahali. Kidole hakisomi herufi.

## Kupima kuchelewa

Fremu moja (picha moja) kwenye mfumo wa fremu 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7, na kwenye wa 50 ni 20. Adapta ya USB inayoulizwa kila milisekunde 8 inaongeza wastani wa 4. Inayoulizwa kila 1 haionekani. Kwenye Linux unaweza kulazimisha kasi hiyo kwa mpangilio wa kernel usbhid.jspoll=1.

Kupima hakuhitaji maabara. Weka simu kwenye video ya fremu 240 kwa sekunde, ambapo kila fremu ni kama milisekunde 4.2. Kidole na skrini vionekane pamoja. Bonyeza kitufe cha kuruka mara 10, hesabu fremu kutoka kitufe kinapofika chini hadi mhusika anapoanza kusogea, tafuta wastani. Rudia kwa padi ya asili kwenye televisheni ile ile, kisha toa wastani wake kwenye ule wa adapta. Tofauti ndiyo adapta. Kipimo kimoja hakina maana, kwa sababu kubonyeza kunaweza kuangukia mwanzo au mwisho wa fremu.

Ukipata chini ya milisekunde 5, tatizo lako liko kwenye televisheni. Washa hali yake ya mchezo kwanza. Zaidi ya 16, adapta inakula fremu nzima kila mara.

## Ikigoma

Konsoli haiwaki adapta ikichomekwa, lakini inawaka ikitolewa: volti 5 na grandi zimegusana. Toa mara moja, usijaribu tena kuona.

Vitufe vyote vinaonekana vimebonyezwa kwenye NES au SNES: waya wa data umeshuka grandi au padi haipati volti 5. Vitufe vimesogea nafasi moja, Start ikifanya kazi ya Select: saa ina kelele na mpigo unahesabiwa mara mbili, fupisha kebo, kagua grandi.

Mwelekeo mmoja tu umekufa: tikisa plagi kabla ya kufungua padi. Mara nyingi ni pini iliyorudi nyuma kwenye kiunganishi, na unaisukuma kwa koleo ndogo hadi iwe sawa na wenzake.

Padi mbili zinafanya kazi, ya tatu na ya nne hazionekani kwenye kigawanyaji cha SNES: umeweka kebo ya kurefusha isiyo na pini 5 na 6. Padi haizihitaji, kigawanyaji kinazihitaji zote mbili, na lazima kiwe kwenye tundu la 2.